Karata Nne za Nyuzi

Kasino ilikuwa chini ya hoteli, mkabala na kituo cha mabasi, na ndani yake mlikuwa na meza moja ambayo wagawaji wa karata waliikwepa kama mtu anavyokwepa kiti chenye mguu mbovu. Ilikuwa meza ya ishirini na moja, mchezo ambao wengi wanaujua: unajumlisha karata zako ukijaribu kuikaribia ishirini na moja bila kuipita, picha zote zikihesabiwa kumi, na ree, yaani karata ya moja, ikihesabiwa moja au kumi na moja upendavyo. Lakini kwenye meza hiyo karata za kumi hazikuwamo. Wafalme walikuwamo, malkia na majeki walikuwamo. Zile zenye madoa kumi ziliondolewa zote kabla karata hazijatiwa kwenye kisanduku cha kugawia. Wachezaji walipewa nyongeza za hapa na pale kufidia upungufu huo. Wagawaji wapya walichanganyikiwa, wakaomba kuhamishwa.

Mgawaji mmoja tu hakuomba. Alikuwa mwanamke wa makamo, mwembamba, mwenye sauti ya chini, na watu wote walimwita Vidole. Jina hilo alipewa na baba yake kabla hajang'oa meno ya utoto, kwa sababu hakuweza kukaa karibu na kitu bila kukishika. Alipofika kasino kutafuta kazi na kuambiwa kwamba nafasi iliyopo ni ya ile meza isiyo na kumi, alitabasamu. Msimamizi akadhani ni woga. Kumbe Vidole alijiona kama mtu aliyeingia ugenini akakuta viti vya kwao.

Sare ya wagawaji ilikuwa na mifuko, lakini yote ilishonwa ikafungwa. Na kila mgawaji alipotoka mezani alipaswa kupiga kofi moja jepesi, kisha kugeuza viganja juu na chini, ili kamera ya darini ishuhudie kwamba hakuondoka na kitu. Miaka ilipokwenda, tabia hiyo ilimfuata Vidole hadi nyumbani. Akishaweka sahani ya baba yake mezani, viganja juu, viganja chini. Akishafunga dirisha, viganja juu, viganja chini. Mzee hakuchoka na mzaha wake.

"Leo umeniibia nini, Vidole?"

"Sijaona cha kuiba, baba," alikuwa akijibu. "Nitajaribu tena kesho."

Baba yake alikuwa fundi saa. Duka lake lilikuwa chini ya vyumba walivyoishi, na hata baada ya macho kumlazimisha kustaafu, aliendelea kushuka ngazi kila asubuhi kwenda kuketi penye meza yake ya zamani, ambayo sasa ilikuwa ya fundi simu. Fundi simu alikuwa kijana mwenye maneno mengi na roho nzuri. Alimwambia mzee kwamba saa zimekufa, siku hizi watu wanatazama muda kwenye simu. Mzee alimjibu kwamba saa haijawahi kumpigia mtu kumwomba nauli. Basi wakawa wanataniana hivyo hadi jua linapopanda.

Kuhesabu karata Vidole alifundishwa na mzee huyo huyo, kwenye meza ya kulia, yeye na kaka yake. Watu hudhani ni uchawi, au ni kukariri kila karata iliyopita. Si hivyo. Ni kuzigawa karata mafungu matatu. Ndogo, kuanzia mbili hadi sita, kila moja ikitoka unaongeza moja. Za katikati, saba, nane na tisa, unaziacha zipite. Kubwa, yaani kumi, picha na ree, kila moja ikitoka unapunguza moja. Katika pakiti nzima ndogo na kubwa ni sawa kwa sawa, kwa hiyo aliyeanza na sifuri humaliza na sifuri. Hesabu ikipanda katikati ya mchezo, unajua kwamba ndogo zimepungua na kubwa zinakuja, na hapo ndipo mchezaji mjanja hujitosa.

Pale kasino Vidole aliwaona wajanja wa namna hiyo. Hakuwatambua kwa midomo, maana midomo waliifunga. Aliwatambua kwa macho, yaliyotazama karata za jirani kabla ya karata zao wenyewe. Walikuja kutoka meza nyingine, wakaketi, wakaanza na sifuri kama walivyozoea. Hesabu yao ilipanda ikapanda, wakaona neema iko njiani, wakaingojea. Lakini walichongojea hakikuwamo ndani ya kisanduku. Kiliondolewa kabla hawajaketi. Vidole hakuwa na haja ya kuwataja kwa msimamizi, kwani meza yenyewe iliwashughulikia.

Dawa yake yeye aliijua tangu utoto. Kama kumi hazimo, usianze na sifuri. Anza nne chini.

Namna kumi zilivyotoka kwenye pakiti ya nyumbani ni habari ya mama yake. Mama alikuwa mshonaji. Cherehani yake ilikaa karibu na dirisha, na nyuzi zake alizipata za mabaki, zilizouzwa kwa kupimwa, zikiwa zimesokotana kama nywele za mtu aliyetoka usingizini. Siku moja, akitafuta kitu kigumu cha kuzungushia nyuzi hizo, alifungua droo ya mumewe akachukua karata nne za kumi. Alizikata mkato mdogo kila upande kwa ncha ya mkasi ili uzi ushike, akazungusha: nyeupe kwenye kopa, nyeusi kwenye shupaza, buluu na nyekundu kwenye zile mbili nyingine. Fundi saa aliporudi akakuta pakiti yake imekatwa mkono.

Aliuliza kwa nini kumi, kwa nini asichukue zozote.

"Ningechukua zipi?" mama alimjibu bila kusimamisha cherehani. "Picha zina nyuso. Nimfunge mtu uzi shingoni? Na ree ukiikosa utalia mpaka kesho. Kumi haina sura wala cheo. Haitamsumbua mtu."

Mzee aliweka chini mfuko wake wa vifaa. Jioni hiyo alichanganya karata zilizobaki, akawaita watoto mezani, akawaambia kwamba kuanzia leo mchezo wa nyumba hii unaanza nne chini. Kaka yake Vidole alipouliza sababu, alimjibu kwamba mtu mwenye mke ana mambo mawili, kugombana au kurekebisha hesabu, na yeye ni mtu wa hesabu.

Hawakucheza fedha. Walichoshindania ni karata ya mwisho. Pakiti ilipokwisha kugawiwa raundi baada ya raundi, karata moja ilibaki mezani imefunikwa, na aliyekuwa amehesabu bila kupotea aliweza kusema kabla haijageuzwa: ndogo, ya katikati, au kubwa. Hesabu ikisimama moja chini, karata hiyo ni ndogo. Ikisimama moja juu, ni kubwa. Ikiwa sifuri, ni ya katikati. Mzee hakukosea. Mama, huku akishona, alisema kwamba mume wake anajua karata iliyofunikwa lakini hajui shati lake safi liko wapi.

Mama alifariki, akazikwa, cherehani ikafunikwa kitambaa. Karata nne zilibaki kwenye droo yake, zimevaa nyuzi. Hakuna aliyezigusa. Kaka alikuwa ameoa na kuhamia mji mwingine, ambako alifanya kazi ya ufundi wa majokofu. Vidole alibaki na baba. Zamu yake ilianza mchana, hivyo asubuhi zilikuwa zao wawili. Walikunywa chai, wakacheza pakiti moja, mzee akataja karata ya mwisho, naye akaenda kuoga.

Ilipoanza, ilianza kwa kitu kidogo sana. Asubuhi moja karata zilikwisha, moja ikabaki imefunikwa, na mzee hakusema.

"Nne," akasema mwishowe. "Hesabu imesimama kwenye nne. Haiwezekani."

Vidole alimwambia ajaribu tena kukumbuka, labda alirukwa na karata.

"Sijarukwa na kitu. Hapa inatakiwa moja juu, moja chini, au sifuri. Nne haipo." Alizikusanya karata, akazipima mkononi kama anavyopima nyama mtu asiyemwamini muuzaji. "Kubwa nne zimepotea. Hebu muulize mama yako, asije akawa amezifagia."

Mama alikuwa kaburini. Na bado, ile sehemu ya kichwa cha Vidole iliyozoea kuhesabu iliona jambo: baba yake alikuwa amesema kweli tupu. Kubwa nne hazikuwamo. Alikuwa amehesabu pakiti nzima bila kukosea hata karata moja. Kilichompotea ni mahali pa kuanzia. Alikuwa ameanza na sifuri, kama wale wageni wa kasino. Baba yake alikuwa amegeuka mgeni kwenye meza yake mwenyewe.

Siku hiyo alimwambia ukweli, kwamba mama alifariki, na mzee akalia kama siku ya mazishi, kwa sauti ile ile, akiuliza maswali yale yale. Kesho yake alikuwa amesahau, akauliza tena mama yuko wapi. Vidole alimwambia tena, mzee akalia tena. Mara ya tatu hakuweza. Alisema jambo la kwanza lililomjia.

"Ameenda kutafuta nyuzi, baba."

Mzee alitulia papo hapo. Alisema kwamba mwanamke yule akiingia dukani kwa nyuzi ni lazima azishike zote kwa mkono, moja moja, mpaka mwenye duka achoke. Akacheka. Akasogeza kiti chake karibu na dirisha ili amwone akirudi. Kuanzia hapo ndivyo siku zilivyokwenda. Vidole alimwachia chakula, fundi simu akapanda mara kwa mara kumchungulia, na mzee akakaa dirishani anamngoja mkewe. Hakuwa na huzuni. Ajabu ni hiyo: alikuwa na raha ya mtu anayejua mgeni wake yuko njiani. Huzuni yote ilikuwa imehamia kwa binti yake, ambaye usiku alimsikia akisema peke yake kwamba leo amekawia, lakini kesho atakuja mapema.

Kisha mzee akaenda kumfuata. Fundi simu aligeuka kutafuta bisibisi, na aliponyanyua kichwa mzee alikuwa amekwisha kupita. Walimkuta ameketi kwenye kizingiti cha duka la vitambaa lililofungwa zamani, mikono magotini, kiatu kimoja hakina kamba. Hakuwa ameumia. Lakini fundi simu hakuweza kufunga mdomo wake hata angetaka, na habari ikamfikia kaka siku ile ile.

Kaka alipiga simu. Hakugomba. Ingekuwa rahisi zaidi kwa Vidole kama angegomba. Alisema kwamba kwake kuna uwanja wenye geti, na mkewe yuko nyumbani kutwa, na kwamba yeye Vidole hawezi kugawa karata huku akishika mkono wa mtu. Vidole alimjibu kwamba mzee akitolewa katika vyumba vile atavunjika. Anajua ngazi zake, anajua dirisha lake. Hilo la nyumba bila baba ndani yake, na yeye akirudi kutoka kazini akifungua mlango wa vyumba vitupu, hakulisema, lakini huenda kaka alilisikia.

"Sikiliza, mdogo wangu," kaka alisema. "Jumapili nakuja. Tutacheza pakiti moja, kama zamani. Akitaja karata ya mwisho, nitajua bado yumo, na sitasema neno tena mwaka huu. Akishindwa, naondoka naye. Umekubali?"

Vidole alikubali. Alipoweka simu chini ndipo akaona alichokubali: kumi hazimo kwenye pakiti ya nyumbani, mzee anaanza na sifuri, na akikumbushwa leo, kesho amesahau.

Kwanza alijaribu njia iliyo rahisi. Kasino huziondoa karata zake zikichakaa kidogo tu, na wafanyakazi huruhusiwa kuchukua zilizotobolewa katikati ili zisirudi mezani. Alileta pakiti nzima ya namna hiyo, yenye kumi zake. Mzee aliishika, akaipitishia kidole, akairudisha mezani. Alisema karata hizi zinateleza kama sabuni, na kwamba zimetobolewa kama tiketi, za watu wengine hizi, rudisha. Vidole akachomoa kumi zile akazichanganya na karata za nyumbani. Mzee, ambaye kwa miaka alitofautisha vijisumari vya saa kwa kuvigusa tu, alizitoa zote nne hata kabla mchezo haujaanza, akazitenga pembeni, akaendelea. Akafika mwisho akiwa na nne ile ile. Akaghadhibika. Akasema nyumba hii ina mwizi.

Zilibaki zile za kwenye droo.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi, mzee yuko chini kwa fundi simu. Vidole aliondoa kitambaa juu ya cherehani, akavuta droo. Nyuzi zilikuwa zimekaa vile vile, zimelala sambamba, zimebana, kila mzunguko umeshikana na mwenzake bila pengo. Hakuna mkono mwingine uliozungusha namna ile. Nguo za mama zilikwisha kugawiwa, sufuria zilikwisha kuchakaa, hata sauti yake Vidole alikuwa ameanza kuisahau. Kazi ya mikono yake iliyobaki jinsi alivyoiacha ilikuwa hiyo tu, karata nne kwenye droo.

Alikaa nazo mapajani mpaka chai ikapoa. Akajikaza kisabuni, akatafuta mwanzo wa uzi mweupe, akaufungua. Alikata boksi la sabuni vipande vinne, akahamishia nyuzi huko, na kadiri karata ilivyovuliwa ndivyo madoa yake yalivyotoka, mekundu, yamehifadhika, kwa sababu jua halikuwa limeyafikia. Karata zilikuwa na alama za mistari myembamba pale uzi ulipobana. Na mikato ya mkasi ilikuwapo, kila upande. Alipomaliza alizitia kwenye pakiti, akaichanganya, akaichanganya tena. Kisha akajikuta amepiga kofi moja na kugeuza viganja, ndani ya chumba kisichokuwa na mtu.

Jumapili kaka alikuja, amenenepa kidogo, ameleta matunda. Mzee alimjua. Alimwuliza habari za majokofu, akamwambia kwamba mama yake ametoka kidogo, atasikitika kumkosa. Kaka alimtazama dada yake. Vidole akatazama karata.

Wakaketi. Vidole aligawa, kaka na baba wakacheza. Karata ya kumi ya kwanza ilikwenda kwa kaka. Aliitazama mezani mbele yake, madoa kumi, mkato huku na mkato huku. Alikuwa amekua ndani ya nyumba ile, hakuhitaji kuambiwa. Angeweza kusema. Badala yake aliomba karata nyingine, akapita ishirini na moja, akatupa mikono kama mtu aliyeshindwa kwa haki.

Mzee hakuinua macho. Alikuwa ameingia ndani ya hesabu yake kama alivyokuwa akiingia ndani ya saa, jicho moja limefinywa. Kumi nyingine zilipita, naye alizipunguza moja moja kama zinavyotakiwa. Pakiti ikapungua. Ikabaki karata moja, imefunikwa.

Vidole pia alikuwa amehesabu, na alijua ni ipi, lakini hilo halikuwa na maana yoyote.

"Moja chini," mzee akasema. Akaigonga ile karata kwa kucha. "Ndogo hiyo."

Kaka akaigeuza. Ilikuwa tatu ya kopa.

Kaka alicheka kicheko cha mtu aliyetua mzigo. Alimpiga baba yake begani, akasema mzee huyu ndiye yule yule, kwamba angempeleka kasino wangefunga milango wenyewe. Mzee alijifanya kutojali, lakini alikuwa anang'aa. Vidole aliinuka kwenda kuweka chai.

Aliporudi na birika, mzee alikuwa anazikusanya karata. Hiyo ilikuwa desturi yake tangu zamani: yeye ndiye mwenye kuzikusanya, kuzigonga mezani zilingane, na kupitisha kidole gumba kwenye kingo zake kuhakikisha hakuna iliyokunjika. Kidole kilipita, kikasimama. Kikarudi. Akachomoa karata moja, kisha ya pili, ya tatu, ya nne, bila kuzitazama, kwa kugusa mikato tu. Akazipanga mbele yake. Ndipo akazitazama.

"Hizi zilikuwa na nyuzi," alisema.

Alizigeuza moja moja.

"Nani amezifungua?"

Vidole aliweka birika chini. Akafungua viganja vyake, juu, kisha chini. Hakukusudia, mikono ilifanya yenyewe. "Mimi, baba," akasema.

Mzee hakumkaripia. Aliichukua karata ya kopa akaipapasa, akifuata ile mistari ya uzi kwa ukucha kama anasoma. Raha ya ushindi ilimtoka usoni polepole, na chini yake Vidole aliona uso ambao hakuwa ameuona tangu aache kumwambia ukweli. Safari hii hakukuwa na kelele.

"Kama zimefunguliwa," alisema, "basi hashoni tena."

"Baba," kaka akaanza.

"Niache. Nimeshajua." Aliirudisha karata mezani, akailaza sawa na wenzake. "Mimi namngoja, kumbe hashoni tena."

Chai ilimiminwa, haikunyweka. Kaka, kwa kutaka kumtia moyo, alimwambia kwamba ametimiza sharti, karata ameitaja, atabaki nyumbani kwake, hakuna wa kumhamisha. Mzee alitazama chumba: cherehani, kitambaa, kiti chake pale dirishani.

"Nikae hapa nafanya nini?" aliuliza. Hakuuliza kwa hasira. "Nilikuwa na kazi ya kungoja. Sasa imekwisha. Nichukue, mwanangu."

"Mimi nipo, baba," Vidole alisema.

Mzee alimgeukia, akamtazama kwa upendo ambao ulikuwa mgumu kubeba kuliko hasira. "Wewe upo, Vidole. Wewe hurudi kila siku. Mtu anayerudi kila siku hangojwi namna hiyo."

Wakaondoka Jumatatu kwa basi la asubuhi. Fundi simu alibeba mfuko hadi kituoni, akamwomba mzee amwachie ile miwani yake ya kukuzia vitu, kama ukumbusho. Mzee alimwachia. Vidole alisubiri mpaka basi likakata kona, akavuka barabara, akaingia kazini mapema mno. Siku ile mgeni mmoja aliketi kwenye meza yake, macho yakitazama karata za jirani, akianza na sifuri. Hesabu yake ilipanda, akawa na uso wa mtu ambaye heri iko mlangoni. Vidole alimgawia. Aliona vigumu kumtazama.

Nyumbani alirudisha nyuzi kwenye karata zake. Alifanya kila alichoweza. Alifuata rangi, alibana, alifungua akaanza upya. Lakini mizunguko ilipandana, ikaacha mapengo, na ule mweupe ukavimba upande mmoja. Mwisho aliziacha hivyo, akazitia droo, akafunika cherehani.

Baada ya msimu wa mvua alipata likizo, akaenda kwa kaka. Wifi yake alimpokea vizuri, akamwambia mzee hana tabu, anakula, anakaa kibarazani, hatoki getini, wala hamuulizii mtu. Hilo la mwisho alilisema kama habari njema. Vidole alimkuta baba yake amekonda. Alimjua, akamshika mkono, akauliza fundi simu bado anasema mno? Vidole akasema zaidi ya zamani. Kisha akatoa karata kwenye mkoba, pakiti ya nyumbani, akaanza kuzichanganya. Alijaribu kuuliza kwa wepesi, kama mtu asiyejali jibu.

"Tunaanzia wapi, baba?"

"Nne chini," mzee alisema. Hakufikiri hata kidogo.

Kwa miezi mingapi alikuwa ameomba kusikia maneno hayo. Aligawa. Wakacheza kimya, raundi baada ya raundi, mzee akihesabu na yeye akihesabu, mpaka ikabaki karata moja mezani, imefunikwa. Alingoja baba aitaje. Mzee aliitazama, akaegemea kiti.

"Unaijua?" Vidole aliuliza.

"Naijua."

"Basi itaje, baba."

"Iache," mzee alisema. "Iache ilale hivyo hivyo. Ikifunuliwa, nayo imekwisha."

Wifi akawaita waje kula. Mzee aliinuka kwa kushika meza, akatangulia ndani. Vidole alibaki kidogo na ile karata, akaiweka juu ya pakiti bila kuigeuza, akaifunga pakiti kwa mpira, akafungua viganja vyake juu na chini. Hapakuwa na mtu wa kumuuliza ameiba nini.